Kuku wa Tarehe ya Kizungu

Ukitaka habari za mji wa Vĩnh Long kabla hazijatokea, nenda kwa Út Mận asubuhi. Usitafute mkahawa, hutauona. Utaona ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mdomoni mwa kichochoro, turubai la kukinga mvua, na sufuria ya kahawa ambayo Út huichuja kwa mfuko wa kitambaa uliokwisha kuwa mweusi tangu enzi za mama yake. Sufuria ikikauka, kijiwe kimefungwa, hata ulie. Wenye ubao wanajulikana. Yupo Tư Barafu, anayesambaza mabonge ya barafu kwa pikipiki ya tela na kuamini kwamba baridi yote ya dunia hii inapita kwanza mikononi mwake. Yupo Mwalimu Thuần, aliyestaafu kufundisha jiografia lakini hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba darasa limeshatawanyika. Yupo Sáu Redio, ambaye hana redio wala haihitaji. Na yupo Bảy, fundi pampu, mtu wa maneno machache, na tangu mkewe afariki hata hayo machache yalipungua. Ndiyo maana asubuhi hiyo ya mvua, alipokuja, akaketi, akapewa kahawa yake kisha akauliza swali, wote waligeuza shingo.

— Jamani, kuku mbichi anakaa friji muda gani?

— Siku moja. Mbili kwa kubembeleza, alijibu Út Mận akiwa amewapa mgongo, akimimina maji ya moto kwenye mfuko. Zaidi ya hapo unamtupa.

Swali lilikuwa limekwisha hapo. Hakuna mtu mjini asiyejua hilo, na watu wangeweza kunywa kahawa yao wakaenda kazini. Lakini Sáu Redio hajawahi kuacha jambo liishe lingali na joto.

— Kuku yupi, Kaka Bảy?

Bảy aliangalia glasi yake.

— Paka.

Út akageuka. Tư Barafu, aliyekuwa akiinua glasi ya kwanza ya siku, aliirudisha ubaoni kabla haijafika mdomoni.

Paka alikuwa kuku. Jina hilo alipewa na Bi Nhàn, mke wa Bảy, kwa sababu alikataa katakata kulala bandani na wenzake, akawa analala dirishani, juu ya mto wa kushonea wa Bi Nhàn. Kila aliyepita kichochoroni alimjua. Bi Nhàn alipofariki, kuku wengine waligawiwa ndugu mmoja mmoja, akabaki Paka peke yake, na kila jioni Bảy alimmwagia chenga za mchele na kumweleza mambo ambayo hakumweleza binadamu yeyote.

— Umemchinja Paka? Sáu alishindwa kuamini.

— Ni kumbukumbu ya Nhàn. Mwaka wa kwanza. Nimwekee kuku wa sokoni, asiyemjua?

— Lakini kumbukumbu si kesho?

— Ni kesho.

— Sasa umemchinja lini?

— Tarehe kumi na mbili.

— Kaka, kesho ndiyo tarehe kumi na mbili!

— Ya kwetu, alisema Bảy polepole. Mimi nimemchinja tarehe kumi na mbili ya Kizungu.

Mvua ilipiga turubai. Hakuna aliyecheka, na hilo peke yake lingetosha kumwonyesha Bảy jinsi wanavyompenda, kama angekuwa na nafasi ya kuliona. Kila nyumba ya mtaa ule ina ile kalenda ya kuchana, karatasi moja kwa siku moja. Katikati kuna namba kubwa, tarehe ya Kizungu, ya mishahara na shule. Chini pembeni kuna namba ndogo, tarehe ya mwezi mwandamo, ya wafu. Kwa miaka yote ya ndoa yao namba ndogo zilikuwa kazi ya Bi Nhàn. Yeye ndiye aliyejua lini ni siku ya baba mkwe, lini ni ya shangazi aliyezama mtoni, na Bảy aliamka tu akakuta meza imeandaliwa. Mwaka huu alijua kwamba mwezi wa tisa wa kwetu umeshaingia, akajua kwamba siku ni ya kumi na mbili, akatazama ukutani akaona 12 kubwa kama kiganja. Ilikuwa Jumapili. Alichinja alfajiri, akachemsha maji, akanyonyoa, akapanga viti, akangoja watu. Saa sita mchana ndipo alipompigia mwanawe Toàn huko Saigon kumuuliza wamefika wapi, na Toàn akasema kwa upole, Baba, hebu tazama ile namba ndogo.

— Basi Jumapili mpaka leo Alhamisi, alihesabu Tư Barafu. Na yuko chini au juu, kwenye barafu?

— Chini. Kule juu hakufunguki. Nhàn ndiye aliyekuwa akiyeyusha. Tangu aondoke, barafu imeziba mlango wote.

— Mwaka mzima hujayeyusha friji? Kaka Bảy! Na mimi niko hapa! Mimi! Tư alijipiga kifua. Ningekuletea bonge moja tu, ukamlaza juu yake kama mgonjwa.

— Sikujua kama ni jambo la kuombea msaada, alisema Bảy.

Út alifungua mdomo arudie lile alilokwisha kusema. Akaiona mikono ya Bảy, mikubwa, yenye alama za grisi zisizotoka, imelala magotini haina kazi. Akaufunga.

Bảy naye alikuwa amemsikia Út vizuri mara ya kwanza. Hakuja pale kutafuta ukweli. Ukweli alikuwa nao nyumbani, ndani ya friji, umefungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu mlango haushiki. Alichotaka ni mtu wa kumdanganya vizuri, na kwa kazi hiyo alikuwa amefika mahali penyewe.

— Tusikimbilie kuhukumu, alianza Sáu Redio akivuta kiti. Hizo siku mbili za Út ni za kuku wa kisasa. Yule analelewa kwa taa, hajawahi kukimbizwa na mbwa, akifa leo kesho ameshakata tamaa. Paka ni kuku wa kienyeji. Nyama yake ngumu. Mdudu aking'ata anavunjika meno.

— Wadudu wa nyama hawana meno, alisema Út.

— Wewe umewaona? Mimi binamu yangu alifanya kazi kwenye meli. Kule kwenye baridi wanamtundika kuku nje dirishani mwezi mzima, wanamkata kidogo kidogo.

— Hapa kuna baridi gani, Sáu? Unatupiga kamba mchana kweupe.

— Baridi mniachie mimi, Tư Barafu aliingilia. Niliwahi kusahau samaki ndani ya bonge la barafu. Yule kambare alikaa humo wiki nzima. Siku nilipopasua bonge, akanipiga mkia hapa, shavuni. Nina alama.

Alionyesha shavu. Wote walitazama. Shavu lilikuwa safi.

— Imefutika, alisema Tư. Lakini maana yangu ni kwamba baridi haiui, inasimamisha. Paka amesimamishwa.

— Mlango wa friji ile haushiki, mtaa mzima unajua, alikumbusha Út, na umeme ulikatika Jumatatu mchana kutwa. Nilitupa maziwa yangu.

— Maziwa ni maziwa. Hayana mifupa, alisema Tư.

Hapo Mwalimu Thuần akakohoa. Akikohoa hivyo, Sáu hunyamaza, kwa sababu alifundishwa naye.

— Mnakwenda ovyo ovyo. Nauliza kwa mpangilio. Bảy, kuku huyu ulimchinja kwa nia ya tarehe kumi na mbili?

— Ndiyo, Mwalimu.

— Ya mwezi wetu?

— Ya mwezi wetu.

— Leo kwa mwezi wetu ni tarehe ngapi?

— Kumi na moja.

— Basi! Mwalimu alifungua mikono. Kwa kalenda inayohusika na shughuli hii, kuku huyu hajachinjwa bado. Atachinjwa kesho. Ana ubichi wa siku zisizofika moja.

Tư Barafu aliinua kidole kama mwanafunzi.

— Mwalimu, alisema Tư kwa heshima, kuku hana manyoya.

— Manyoya si hoja ya kalenda.

— Hana, na kichwa chake kimelala upande!

— Tư, ulipata ngapi katika jiografia?

Tư akainamia glasi yake. Bảy alihisi kitu kinasogea kifuani, kitu kidogo, karibu na kicheko. Alijua ni upuuzi. Lakini ulikuwa upuuzi uliopikwa kwa ajili yake, na kwa muda mfupi alimwona Paka akiwa hai dirishani, anangoja tarehe yake.

— Basi tumsaidie na pombe ya mchele, Sáu alirudi kwa nguvu mpya. Kawaida si mnampaka tangawizi na pombe kumtoa harufu? Wewe mloweshe kabisa. Usiku kucha. Ile ya Mzee wa Darajani. Ile inaua kila kitu.

— Ilimuua shemeji yangu, alikubali Tư.

— Unaona! Shemeji yake mtu mzima. Mdudu atapona?

— Na wageni watakufa pia, alisema Út.

— Ah, Út nawe! Basi asiliwe! Sáu alipiga goti. Awekwe mezani mbele ya picha, mzima, kichwa juu, amependeza. Marehemu hali nyama, anakula harufu. Ubani ukizimika tunamwondoa kwa adabu, tunakula vitu vingine. Limekwisha hilo.

Hili halikuwa la kipuuzi, na kwa sababu hiyo ndilo lililomchoma Bảy. Aliinua macho.

— Nimwekee mke wangu kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukila?

Kinachotoka mezani kwa marehemu huliwa na walio hai, sahani ile ile, hiyo ndiyo maana ya kukutana. Kumpa peke yake kilichoharibika ni kama kumlisha mgeni makombo, na Bảy alikuwa na aibu ya kutosha tayari. Paka alimjia kwa miguu yake mwenyewe alfajiri ile. Alidhani analetewa mchele. Mtu aliyejua kisu alikuwa Nhàn, na Bảy alikata vibaya, na kumbe hata siku haikuwa yenyewe. Kila alipofikiria kwamba alifanya yale yote bure alitamani ardhi ipasuke immeze.

Sáu aliuona uso wa Bảy, akaona ameharibu. Akatupa karata yake ya mwisho.

— Kaka Bảy, nisikilize. Bi Nhàn yuko kule mwaka mzima. Hana wa kumfulia, hana wa kumpikia. Yule mama unavyomjua anaweza kukaa bure? Atashindwa kulinda kuku mmoja? Nakwambia Jumapili ile ile aliona ulichofanya, akasema, huyu mwanaume huyu, akaingia ndani ya friji, akafunga mlango, na mpaka sasa amekaa humo anampepea. Wewe unadhani ni umeme unaonguruma usiku?

Bảy akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, lakini kilikuwa kicheko, na Út aligeukia sufuria haraka kwa sababu machozi yalikuwa yakimlengalenga machoni.

— Angesema hivyo hivyo, alisema Bảy. Huyu mwanaume huyu.

— Baba?

Mtu alikuwa amesimama nje ya turubai, koti la mvua la rangi ya njano, begi mkononi, na tumbo la miezi saba mbele. Alikuwa Khuê, mke wa Toàn. Amekuja na basi la alfajiri ili asaidie kupika, mumewe atafuata jioni akitoka kazini. Amekuta nyumba imefungwa, majirani wakamwambia aende kwa Út. Watu wazima wanne walimpisha nafasi kwa wakati mmoja, wakagongana.

— Karibu mwanangu, kaa, kaa hapa pakavu. Tulikuwa tunamjadili kuku, alisema Sáu.

— Toàn ameniambia, alisema Khuê. Alikaa taratibu, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Baba, usihangaike. Toàn alisema tununue mwingine, nikamkatalia. Nimemwambia, kama ni kuku wa Mama, mimi nitakula. Nitamchemsha vizuri.

Alilisema kwa moyo mweupe kabisa. Tư Barafu akatazama lile tumbo. Mwalimu akalitazama, kisha akavua miwani na kuanza kuifuta. Sáu Redio alikuwa na maneno mengine tayari mdomoni, Bảy aliyaona pale, yakarudi ndani yalikotoka. Hadithi ya kambare, ya pombe, ya kalenda, hakuna hata moja iliyokuwa na uso wa kusimama mbele ya yule binti. Atakula kweli. Kwa heshima tu, atakula, na mjukuu atakula naye.

— Nilitaka kuuliza kitu kimoja tu, aliendelea Khuê, maana Mama ameshatangulia na mimi sikupata kukaa naye sana. Kwenye bakuli lake, lile la pembeni mwa picha yake, nimwekee sehemu gani? Mama alikuwa anapenda paja au kidari?

Bảy akafungua mdomo kujibu.

Jibu halikuwepo. Alilitafuta. Aliiona meza, aliziona siku zote za Tết, mwaka mpya wa kwetu, aliuona mkono wa Nhàn ukimkata kuku kwa lile panga fupi. Paja hili la Toàn. Paja lile la mgeni. Kidari cha Bảy, kwa sababu meno yake ya nyuma hayapo. Kisha mkono ule unarudi jikoni. Unarudi na nini? Alimwona Nhàn ameketi mlangoni mwa jiko na bakuli, anakwangua ukoko wa wali, Paka au mama yake Paka akimzunguka miguuni. Ndani ya bakuli mna nini?

— Miguu, alisema Tư Barafu kwa sauti ndogo. Niliwahi kumwona. Alikuwa anakula miguu ya kuku.

— Alikula miguu kwa sababu ndiyo iliyobaki, alisema Út.

— Shingo? alijaribu Sáu.

Út alitikisa kichwa. Mwalimu Thuần alivaa miwani yake, akaivua tena. Watu waliokuwa na jibu la kila kitu tangu kulipokucha walikaa wakitazama maji yakikimbia mfereji wa kichochoro.

— Sijui, mwanangu, alisema Bảy. Miaka thelathini na nane. Sijui kama alikuwa anapenda kuku.

Khuê alijisogeza karibu. Akaweka mkono juu ya mkono wa baba mkwe wake, pale kwenye grisi.

Bảy aliutazama mkono ule. Uchungu ulikuwepo, lakini haukuwa tena wa tarehe. Ile tarehe aliiona sasa kuwa kitu kidogo, kosa la macho, la kucheka siku za mbele. Hili jingine ndilo kubwa, na hili halina friji ya kuliweka.

— Hutamla, alisema. Wala hataliwa na mtu. Nitamfukia chini ya mpera, pale alipokuwa akichakura.

— Umfukie chini sana, mbwa wasije, alisema Tư. Nitakuja na jembe. Na baadaye nitaipasua ile barafu ya juu, bure, usiniudhi.

— Nami nitakuja, alisema Mwalimu.

— Wewe ukafanye nini?

— Nitasimamia.

Sáu Redio hakusema kitu, na watu wa Vĩnh Long hawataamini wakihadithiwa.

— Na kesho, Baba? aliuliza Khuê. Mezani kwa Mama tutaweka nini?

Bảy aliinuka. Alivaa kofia yake, akaivua, akatazama sufuria, na hapo ndipo mkono wake ulipokumbuka kitu kabla ya kichwa. Miaka yote ile, kila asubuhi akitoka pale, hakutoka mikono mitupu. Alitoka na mfuko wa nailoni wa kahawa umefungwa kwa mpira, mrija umechomoza, unaning'inia kwenye usukani wa baiskeli. Nhàn alikuwa akiupokea mlangoni kabla hata hajamsalimu. Hakuwa akimgawia mtu. Toàn alipokuwa mdogo aliwahi kuomba afyonze kidogo, akafukuzwa.

— Út, alisema. Nifungie moja ya Nhàn. Leo aanze na hiyo, na kesho nitakuja kuchukua nyingine.

Út aliinamisha sufuria. Akaiinamisha zaidi, mpaka mdomo ukatazama chini. Lilitoka tone moja, likafuatiwa na machicha.

— Imekwisha, Mzee Bảy, alisema, na kwa mara ya kwanza tangu arithi sufuria ile alionekana kuomba radhi.

Kisha Tư Barafu akasogeza ubaoni glasi yake, imejaa mpaka juu, nyeusi, imeshapoa.

— Hii sijaigusa, alisema. Maneno yalinishika.

Út aliimimina kwenye mfuko wa nailoni, akatupia vipande vya barafu vya Tư mwenyewe, akatafuta mpira. Bảy alikuwa amekwisha kuchukua begi la mkwewe na kutoka mvuani, maana akikaa zaidi angelia mbele za watu.

— Mzee Bảy, ngoja! Út alimwita, mkebe wa maziwa mkononi. Nimtilie na maziwa?

Bảy alirudi hatua mbili, akanyoosha mkono kuupokea mfuko.

— Tia mengi, alisema. Tia mpaka iwe nyeupe. Hilo nalijua.